Mayai ya Hariri Kifuani kwa Mzee Barafu

Yuko mzee mmoja jikoni: tumboni ana baridi, mgongoni ana homa, anaguguma mchana kutwa wala hajawahi kupelekwa hospitali. Ni nani huyo?

Hicho ndicho kitendawili ambacho bibi mmoja alimtegea mumewe wiki ile ile waliyooana. Mume hakuomba hata muda wa kukuna kichwa. Akasema friji, na bibi harusi, aliyekuwa ameshajiandaa kudai mji, akanywea. Angejuaje kujihadhari? Friji ndiyo kazi ya mumewe. Tangu ujana wake alikuwa akizifungua, akizijaza gesi, akizibadilisha mota na kuzibembeleza kama watoto wagonjwa, mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita Mzee Barafu, hata kabla hajaota mvi.

Sasa mvi zilikuwa zimeota, watoto wamekua na kuondoka, na ndani ya nyumba walibaki wawili, pamoja na yule mzee wa jikoni. Friji yao ilikuwa kuukuu kuliko zote mtaani. Mlango wake ulifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli, na mpini wake ulikuwa kijiko kilichopindwa. Watu walimcheka fundi. Mara kadhaa alileta friji nyingine, nzima na yenye taa ndani, na kila mara mkewe alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema hiyo irudi ilikotoka, maana hii ya zamani ina baridi anayoijua.

Hakuwa akizungumzia baridi ya maziwa. Rafu ya kati ya friji ile haikuwekwa nyanya wala maji ya kunywa. Palilala bahasha moja tu, na ndani yake karatasi ya kahawia iliyotapakaa vidoa vya kijivu, vidogo mfano wa mbegu za mchicha. Yalikuwa mayai ya kiwavi wa hariri.

Mayai haya si kama ya kuku, ambayo ukiyasahau baridini ndiyo basi tena. Haya hutaka kulala kwanza. Nondo akishayataga, lazima yapate baridi ndefu, tulivu, isiyopanda wala kushuka, ndipo yajue kwamba msimu mgumu umepita. Yasipolala vizuri, moja litaamka leo, jingine wiki ijayo, na mengine hayataamka kabisa. Yakishashiba usingizi, unayatoa, unayaweka kwenye joto la wastani, na humo ndani kila kiwavi anaanza kujishona mwenyewe, kichwa, miguu, meno. Joto likiwa kidogo anashona polepole. Likiongezeka anaharakisha. Likizidi, mshonaji anaungua na kazi yake mkononi.

Hayo yote mke wa fundi alifundishwa na mama yake. Siku alipoolewa, wenzake walipewa masufuria na mashuka; yeye alipewa karatasi yenye vidoa. Mume alidhani ni karatasi iliyochakaa tu. Lakini kila mwaka viwavi waliangulwa, wakala majani ya mforosadi ulioko nyuma ya nyumba, wakajizungushia nyuzi, wakawa nondo, wakataga kwenye karatasi mpya. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya friji walikuwa vitukuu na vilembwe wa wale wa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe alikuwa ameshatangulia zamani. Mwaka mmoja tu ukiharibika, ukoo umekatika. Hariri nyingine ungeweza kuipata. Hii ya mama, hapana.

Basi binti yao, anayeishi mji wa mbali, akajifungua mtoto wa kwanza, na bibi akafunga mizigo kwenda kumkanda na kumbeba mjukuu. Kabla ya kuondoka alimshika mumewe mkono, akampeleka kwenye mforosadi, ambao wakati huo ulikuwa fimbo tupu, na kumweleza taratibu kana kwamba anamfundisha mtoto kuvuka barabara. Majani yakichomoza na kufikia ukubwa wa sikio la panya, atoe bahasha. Karatasi aiweke juu ya kabati la chumbani, pasipo jua wala upepo. Kisha aiache.

"Uiache," alirudia. "Wewe una mikono ya kurekebisha vitu. Hiki hakijaharibika."

Fundi akaapa. Na jioni za kwanza alitimiza. Kila alipotoka kazini alipita nyuma ya nyumba kuutazama mti, kisha akampigia mkewe kumwambia bado ni fimbo. Mkewe naye, huku mjukuu akimlalia begani, alimtegea vitendawili kwenye simu, maana ndivyo walivyozoea kumalizia siku. Kimoja kilimshinda kabisa fundi.

"Kijiji cheusi," alisema mkewe. "Watu wake wakihama asubuhi, kinabaki cheupe."

Fundi akasema sufuria yenye masizi. Akasema usiku. Mwisho akasema ni kichwa chake, kilikuwa cheusi na sasa cheupe, na mkewe akacheka hadi mjukuu akaamka. Akadai mji. Fundi akampa, lakini mkewe akakataa kumpa jibu, akisema mji aliopewa hauna hata soko, afadhali amwache ahangaike.

Baadaye joto likarudi. Na hapa ndipo mambo yalipomgeuka Mzee Barafu, kwa sababu joto lile lile linaloamsha majani ndilo linaloua friji. Siku za baridi hakuna anayegundua kwamba friji yake imechoka; siku ya kwanza ya jua kali, mtaa mzima unagundua kwa pamoja. Muuza maziwa akamtafuta, muuza soda akamtafuta, duka la dawa likamtafuta, na muuza nyama wa kona akamfuata mpaka nyumbani, akagonga mlango huku bado amevaa aproni. Fundi alitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na mti hauonekani gizani. Mkewe alipouliza kwenye simu, alijibu bado. Hakudhani anadanganya. Alikuwa hajatazama tu.

Aliyemzindua ni mshonaji wa nyumba ya pili, shoga wa mkewe, mwanamke asiyemung'unya maneno. Asubuhi moja alimwona fundi akibeba mitungi yake ya gesi, akamwambia, "Shemeji, mti wa mwenzako umeshavaa gauni zima, wewe unangoja kofia?"

Fundi akaweka mtungi chini na kwenda nyuma ya nyumba. Hapakuwa na masikio ya panya pale. Majani yalikuwa mapana kama viganja.

Alichuma moja, akalikunja kwa vidole. Majani yakikomaa yanakuwa magumu, na kiwavi mchanga, mwembamba kama uzi, hana meno ya kuyakata. Hilo alishalisikia mezani mara nyingi, akiwa anatafuna huku akiwaza mota. Na mkewe alishasema anakaribia kurudi. Miaka yote hakuwahi kukosa asubuhi ya kuanguliwa. Fundi alikuwa hajaiona hata moja, kwa sababu saa hizo yeye huwa keshatoka, lakini alijua uso wa mkewe unavyokuwa jioni yake.

Mtu mwingine angekwenda kuomba ushauri. Mzee Barafu akajiuliza swali la fundi: kazi imechelewa, naiharakishaje? Joto linaharakisha. Nani ana joto la bure, mchana na usiku? Akakumbuka yule mzee mwenye homa mgongoni, na akacheka peke yake kwa furaha. Akavuta friji kutoka ukutani, akaipangusa vumbi mota, akatandika gazeti juu yake, akailaza karatasi ya mama mkwe pale juu kama mgonjwa kitandani. Ilikuwa vuguvugu tamu. Akaenda kazini akipiga mluzi.

Haya ni makosa ambayo asingeyafanya mtu yeyote isipokuwa fundi wa friji. Sisi wengine hata hatujui kwamba huko nyuma kuna joto. Na yeye, aliyejua kuliko wote, alisahau jambo ambalo angemweleza mteja yeyote bure: mota ya friji haifanyi kazi mfululizo. Inaguguma, inapata moto, inapumzika, inapoa. Siku za joto inaguguma zaidi. Hewa iliyozunguka karatasi ile ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu mwenye malaria.

Siku chache baadaye alivuta friji kuchungulia. Mayai ya upande mmoja, yale yaliyokaa juu ya mota yenyewe, yalikuwa yamebonyea katikati, makavu, kila moja kama sahani ndogo. Alichukua kipimajoto chake cha kazini, kile chenye waya, akakibana pale. Kikapanda hadi arobaini na kupita. Akasubiri mota inyamaze. Kikashuka, kikashuka, kikawa hakijui kikomee wapi.

Alikaa chini sakafuni jikoni, miguu mbele, kama mtoto aliyevunja chungu. Sehemu ya kiganja kizima ilikuwa imekufa. Sehemu iliyobaki ilikuwa bado ya mviringo na imejaa, lakini nani angejua yaliyomo yalikuwa hai au yamekata tamaa? Alifikiria kabati la chumbani, pale alipoambiwa tangu mwanzo. Lakini chumba chao kina bati juu. Mchana kinawaka na usiku kinapoa, na mayai yaliyokwisha kutikiswa namna ile hayakuhitaji kutikiswa tena. Alitafuta akilini kitu chenye joto lisilopanda wala kushuka.

Akamkumbuka mama mkwe. Mkewe alimsimulia zamani kwamba marehemu, miaka ambayo hakuna friji wala kipimo, alikuwa akishona mayai kwenye kifuko cha pamba na kutembea nayo kifuani, akifua nayo, akifagia nayo, akigombana na watu nayo, mpaka yaive. Fundi alicheka siku ile. Sasa hakucheka. Alichukua foronya laini kabatini na kwenda nyumba ya pili.

Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Alipoelewa, aliinama akaweka paji la uso juu ya meza, na mabega yakamtetemeka kwa muda. Kisha akaitwaa foronya, akakata, akashona kifuko chenye mkanda wa shingoni, kipana kiasi cha karatasi kulala bila kukunjwa. Alipokuwa akimvisha alimpa maagizo yote ya mja mzito: asibebe vizito, asipande ngazi haraka, asikasirike, na akitamani kula udongo aseme. Fundi akamwomba asimwambie mkewe. Mshonaji akasema siri ya mimba si yake kuitoa.

Hapo ufundi wake ukamsaidia, safari hii kwa njia nzuri. Kipimajoto kikiwa kimebanwa ndani ya kifuko, alikipima kwanza kwenye ngozi tupu: joto kali mno. Akavaa fulana ya ndani na kukiweka juu yake: bado. Akaongeza fulana ya pili, kama anavyoongeza sufi kwenye mlango wa friza, akafunga shati juu yake. Ishirini na sita. Akatembea hadi barabarani na kurudi. Ishirini na sita. Akakaa, akasimama, akanywa chai. Kifua cha binadamu hakigugumi na kupumzika. Fundi alijitazama kwenye kioo, akapata heshima mpya kwa mwili wake mwenyewe.

Lakini jaribu kutengeneza friji na mzigo wa namna hiyo. Nusu ya kazi ile ni kulala kifudifudi. Kwa muuza soda alipiga magoti pembeni na kuingiza mkono peke yake, uso ameugeuzia mlangoni. Kwa duka la dawa alikataa kuinua hata kisanduku cha spana. Na kwa muuza nyama, friza likiwa limezima na nyama inaanza kulalamika, aliketi juu ya kreti, mkono mmoja kifuani, akamwamuru muuza nyama mwenyewe alale chini na kufungua hiki, kukaza kile. Muuza nyama alilala chini na aproni yake, akapaka oili hadi masikioni. Alipoinuka alimwona Mzee Barafu amefumba macho, mkono bado kifuani, midomo ikicheza. Fundi alikuwa akiwaambia walio kifukoni wasiogope, ni kelele za friza tu. Muuza nyama hakusikia maneno. Aliona alichoona.

Usiku fundi alilala chali, mito pande mbili ili asigeuke. Mkewe alipopiga simu na kuuliza mayai, alisema yana joto zuri. Hilo lilikuwa kweli. Mkewe akauliza mbona sauti yake imekuwa ya chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akasema ni uchovu. Akaulizwa kile kitendawili cha kijiji, akasema bado.

Kufikia hapo yeye ndiye aliyekuwa akiitazama karatasi, asubuhi na jioni, dirishani kwenye mwanga. Sehemu iliyokufa ilibaki kavu na nyeupe. Ile nyingine ilikaa hivyo hivyo siku nyingi, kijivu, kimya, mpaka akaanza kuandaa maneno ya kumwambia mkewe na kila neno likawa baya kuliko lililotangulia. Kisha asubuhi moja aliona rangi imebadilika. Ilikuwa inaelekea kwenye buluu ya majivu. Hakujua kama huko ndiko kuiva au ndiko kuoza, na wa kumuuliza alikuwa mmoja tu.

Na huyo mmoja, siku hiyo hiyo mchana, akashuka kwenye basi bila taarifa.

Fundi alikuwa mlangoni akibadilisha viatu alipomwona anakuja mbio, begi likimpiga gotini, mtandio umeteleza. Uso ukamchanua. Mkewe akaangusha begi na kunyoosha mikono, na fundi, aliyemkumbuka mwanamke yule kila siku kwenye kila chumba, akarudi nyuma hatua nzima na kujifunika kifua kwa mikono miwili.

Mkewe akasimama.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Muuza nyama alinipigia. Moyo. Umeanza lini, na kwa nini hukuniambia?"

"Si moyo, mama watoto."

"Umeushika hivyo halafu si moyo? Keti. Keti chini, usiseme."

Akamkalisha kitini, akaanza kumfungua vifungo vya shati, huku akimlaumu kwa kupanda ngazi, kwa chumvi, kwa kutomsikiliza mtu tangu aoane naye. Shati likafunguka. Akaona mkanda wa shingoni. Akaona foronya yake mwenyewe, ile ya maua, imekuwa kifuko. Fundi akakitoa, akakiweka mapajani mwake kwa mikono miwili, na kabla hajaulizwa akasema yote: mti, gazeti, mota, lile bonde la mayai makavu. Hakujitetea. Alimaliza kwa kusema kwamba hakuharibu kitu cha mkewe peke yake, aliharibu cha mama.

Mkewe aliitoa karatasi na kuipeleka dirishani. Alipitisha kidole juu ya ile sehemu iliyokufa, polepole, mara mbili.

"Hawa wamekwenda," alisema. Kisha akainamisha karatasi kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho, na sauti yake ikabadilika. "Hawa je, walianza lini kuwa na rangi hii?"

Fundi akasema asubuhi. Akauliza kama ni kuoza.

Mkewe alikuwa akimtazama kuanzia fulana mbili hadi waya wa kipimajoto uliochungulia mfukoni. Akauliza alivaa hivyo siku zote? Hata kazini? Fundi akamweleza habari za kreti, na muuza nyama aliyelala chini na aproni. Hapo mwanamke akaketi sakafuni palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa yote ya kicheko. Fundi alitaka kumshika bega, mkewe akamwonya asimguse, karatasi iko mkononi mwake.

Alikivaa kifuko mwenyewe usiku ule, akisema baba watoto amebeba vya kutosha, sasa alale ubavu. Kuhusu majani, hakuona hata tatizo. Alishangaa tu kwamba mtu ameishi na mforosadi miaka yote hiyo na hajui kuwa kwenye ncha ya kila tawi, hata mti ukomae vipi, kuna jani moja changa linalong'aa. Alikwenda kuyachuma hayo, moja moja.

Asubuhi walikaa dirishani wote wawili, karatasi mezani. Simu ya fundi iliita. Alikuwa muuza maziwa. Akaigeuza kifudifudi. Mwanga ulipofika ukingoni mwa meza, mayai yalikuwa yamekuwa meusi, karibu yote kwa pamoja, weusi wa masizi. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha fundi akaona kana kwamba karatasi inaota manyoya. Nyuzi ndogo nyeusi zilikuwa zikijivuta, zikiinua vichwa, zikitembea. Hapa mmoja, pale kumi, halafu hakuna aliyeweza kuhesabu. Na kila walipotoka, nyuma yao walibakiza kigamba kitupu, cheupe.

Fundi alisogeza uso karibu, pumzi ameizuia. Karatasi iliyokuwa nyeusi ilikuwa inageuka nyeupe mbele ya macho yake, nyumba moja baada ya nyingine.

"Kijiji," alisema. "Hiki ndicho kijiji. Watu wanahama."

"Umepata," alisema mkewe, akiwawekea jani la kwanza.

Fundi akadai arudishiwe mji wake. Mkewe akasema aangalie kwanza kama kifua chake kiko wazi. Akaangalia. Kilikuwa wazi. Basi akaja, akamkumbatia vile alivyokuwa amekuja kumkumbatia tangu jana, kwa nguvu, kichwa kikiwa palepale kilipokuwa kifuko, na akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu, alisema, kweli pana joto la kipimo.